Jina Kwenye Kona ya Picha

Nyumbani kwetu Mpanda, juu ya kabati la marehemu bibi, kuna bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake imo picha ya eksrei ya kifua chake. Kwenye kona limechapwa jina lake, umri na tarehe. Pembeni kuna herufi R, nyeupe kabisa, ya kuonyesha upande wa kulia. Herufi hiyo hutengenezwa kwa risasi, madini yaleyale yaliyoileta reli Mpanda kutoka Kaliua. Na karibu na bega inaonekana pini. Siku ile bibi alisahau kuitoa kwenye nguo.

Mwaka jana rafiki yangu, mtu wa kompyuta, aliniomba picha hiyo. Wanakusanya picha za vifua, akasema, za kufundishia akili mnemba kutambua magonjwa. "Futa jina tu, halafu nitumie." Neno "tu" ndilo lililonikaa kichwani.

Historia ya picha hizi ilianza na mtu ambaye hakuweza kujificha. Tarehe 22 Desemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Ikatoka mifupa ya vidole, na kwenye kidole kimoja pete. Jina halikuandikwa popote kwenye picha, lakini pete ilibaki, na mpaka leo dunia inajua ule ni mkono wa nani.

Kwa miongo mingi baada ya hapo, hofu kubwa ya hospitali ilikuwa jina kupotea. Filamu isiyo na jina ni hatari: mapafu yako yanaweza kusomwa kama ya jirani yako. Ndiyo maana jina lilichapwa kwenye filamu yenyewe, na bahasha tukabebeshwa wenyewe twende nayo hospitali nyingine. Mwaka 1993 ukaja mfumo uitwao DICOM, ambao leo hutumika karibu kila mahali. Katika mfumo huo, faili moja hubeba picha pamoja na jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, hospitali, mashine na siku ya kipimo. Picha na mwenye picha wakasafiri pamoja. Kwa daktari hiyo ni nafuu kubwa. Kwa mtafiti anayetaka kuwagawia wenzake picha maelfu, ndipo kazi inapoanza.

Kazi yenyewe ina tabaka kadhaa. Kwanza unafuta maandishi yaliyofichwa ndani ya faili, unaweka namba badala ya jina, na tarehe unazisogeza. Kisha unaikagua picha yenyewe, maana mashine nyingine, hasa za altrasaundi, huandika jina juu ya picha. Hata hapo hujamaliza. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua picha za MRI za vichwa vya watu 84 waliojitolea, wakaunda sura zao upya kwa kompyuta, kisha wakazilinganisha na picha zao za kawaida. Programu ya kutambua nyuso iliwapatia 70 kati yao. Majina yalikuwa yameshafutwa, jamani.

Halafu kuna uhakiki. Mwaka 2017 taasisi za afya za serikali ya Marekani, NIH, zilitoa hadharani picha 112,120 za vifua. Majina ya magonjwa yalikuwa yamewekwa na programu iliyosoma ripoti za madaktari. Wataalamu walipozifungua wakakuta lebo nyingi hazilingani na picha. Picha nyingi zilizoandikwa kwamba hewa imevuja nje ya pafu zilikuwa za wagonjwa ambao tayari wamewekewa mpira wa kuitoa. Yaani mashine ingeweza kujifunza kutambua mpira, ikadhani imetambua ugonjwa.

Sasa turudi Katavi. Hapa kwetu kuna Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya 1972 Burundi. Zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo wamepewa uraia wa Tanzania. Andika "mwanamke, miaka 71, Mishamo", ongeza ugonjwa usio wa kawaida, na kijijini watakwambia ni mama nani. Jina halina kazi tena.

Liisa Malkki aliishi Mishamo miaka ya 1980, akaandika kitabu *Purity and Exile*, kilichotoka 1995. Masimulizi ya watu ameyapanga bila kumtaja msimulizi kwa jina. Alijua anaandika kuhusu watu ambao kujulikana kungeweza kuwaletea madhara. Lakini mwandishi huyohuyo, katika makala ya 1996, alilalamikia picha za wakimbizi zinazozunguka duniani: nyuso nyingi, jina hakuna, historia hakuna. Kufuta kunalinda, na kufuta kunanyamazisha. Ukiondoa umri, jinsia, mkoa na aina ya mashine, picha ya bibi inakuwa kifua cha mtu yeyote, na mtafiti hawezi tena kujua kama mashine yake inawasoma vizuri watu wa Katavi.

Kukataa kabisa nako kuna gharama. Mwaka 2014 maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ilitoa picha 800 za vifua kwa ajili ya utafiti wa kifua kikuu: 138 za Maryland na 662 za Shenzhen, China. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaruhusu programu kusoma eksrei za kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu hizo zitatufikia. Tukikosekana kwenye mafunzo yake, zitatusoma kwa kukisia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hiyo ni hatua. Lakini bibi hakuwahi kuulizwa, na hawezi kuulizwa tena. Nikamwonyesha shangazi ile picha. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia kwa muda.

"Mwanangu, jina utalifuta. Na hii pini je? Mimi ningemjua mama yangu kwa pini hii."

Pini naweza kuifunika. Ila nikiifunika niseme kwamba nimeifunika, maana mtafiti atakuta doa ambalo halikuwa mwilini. Nimemwandikia rafiki yangu: niambie kwanza picha itakaa wapi, nani ataifungua, nini kitafutwa na nini kitabaki. Akijibu, shangazi ndiye atakayeamua.