Ornette Coleman: Ifahamu rekodi ya Stockholm ya 1965 iliyorudi kwenye santuri

Usiku wa Desemba 3 na 4, 1965, Wamarekani watatu walipiga jazi kwenye klabu ya Gyllene Cirkeln, yaani Duara la Dhahabu, jijini Stockholm, Sweden. Shoo hizo zilirekodiwa laivu na kampuni ya Blue Note ikatoa santuri mbili: "At the 'Golden Circle' Stockholm", ya kwanza na ya pili.

Mwaka 2022 zote mbili zilirudi sokoni ndani ya boksi la santuri sita liitwalo "Round Trip".

Ni akina nani?

Kiongozi ni mpuliza saksafoni Ornette Coleman, mzaliwa wa Fort Worth, Texas. Charles Moffett, naye wa Fort Worth, yuko kwenye drams. David Izenzon anapiga besi kubwa ya kusimama, na mara nyingi huiburuzia upinde kama fidla.

Kwa nini ilikuwa habari?

Desemba 1962, Coleman aligharamia mwenyewe onyesho la Town Hall, New York, akiwa na wenzake haohao. Kisha akapotea jukwaani kwa takriban miaka miwili. Aliona malipo ya klabu hayalingani na kazi yake.

Aliporudi 1965, alikuwa amejifundisha tarumbeta na fidla. Kuna waliosema fidla haijui kabisa. Isikilize kwenye "Snowflakes and Sunshine", uamue mwenyewe.

Piano iko wapi?

Haipo, na hapo ndipo utamu ulipo. Kwenye jazi iliyozoeleka, piano humwonyesha mpuliza saksafoni njia: wimbo unaelekea wapi, unabadilika lini. Coleman aliiacha. Akikata kona ghafla, besi na drams lazima wamsikie papo hapo.

Studio unaweza kurudia. Kwenye shoo, wakipishana, wanapishana mbele ya watu.

Toleo jipya lina nini?

Limetoka kwenye mfululizo wa Tone Poet wa Blue Note. Fundi sauti Kevin Gray aliliandaa kutoka kanda halisi za analojia, si nakala ya nakala. Kwa kundi la watu watatu hilo si jambo dogo. Besi ikimezwa, theluthi ya mazungumzo imepotea.

Uanzie wapi?

Kama jazi ya aina hii ni ngeni kwako, anza na "Dawn", wimbo wa taratibu. Ukishazoea, nenda "Faces and Places", unaofungua santuri ya kwanza kwa kasi. Usitafute piano. Fuata besi.

Baadaye ikawaje?

Mwaka 2007 Coleman alishinda Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu ya "Sound Grammar". Nayo ilirekodiwa laivu. Alifariki 2015 akiwa na miaka 85.