Kiumbe cha Ruiru

Talmud ya Wayahudi inamtaja mwalimu wa Babeli aitwaye Rava, aliyeumba mtu akamtuma kwa mwenzake, Rav Zeira. Zeira akamsemesha, yule mtu asijibu. Akatambua kuwa ni kazi ya mikono ya wenzake, akamwamuru arudi mavumbini. Karne nyingi baadaye simulizi ilihamia Prague, ikavikwa jina la rabi Judah Loew, aliyefariki 1609, na kiumbe akawa golem, mtumishi wa udongo anayemponyoka bwana wake. Wengi wanaijua hii ya pili. Mimi naipenda ile ya kwanza, maana ina mtihani ndani yake.

Mtihani wa namna hiyo upo Ruiru, katika kituo cha utafiti wa kahawa kwenye shamba la Jacaranda. Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, kahawa yenyewe huioni sana siku hizi. Ploti zimeila, na Tatu City nzima inasimama palipokuwa na mibuni.

Mwaka 1922 ugonjwa mpya wa kuvu ulionekana magharibi mwa Kenya. Wakulima wanauita CBD mpaka leo. Huanza kwa doa jeusi lililobonyea kwenye tunda bichi; doa hutanuka, na punje iliyo ndani huharibika kabla ya kukomaa. Mvua ikizidi, shamba lisilopuliziwa dawa linaweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mazao. Ugonjwa ulivuka Bonde la Ufa ukazikuta aina za kahawa SL28 na SL34, zilizochaguliwa na Scott Laboratories miaka ya 1930. Ladha yao inasifiwa duniani kote, ila kinga ya maana hazina.

Mwaka 1971 wataalamu wa Ruiru walianza kuchanganya damu. Kinga waliitafuta mbali: Rume Sudan, kutoka uwanda wa Boma huko Sudan Kusini, chotara wa kisiwa cha Timor, ambako arabika na robusta zilizaana zenyewe, na Catimor ya Kolombia, mti mfupi wenye damu hiyo ya Timor. Mwaka 1980 van der Vossen na Walyaro walichapisha matokeo yaliyoonyesha jeni tatu zinazobeba kinga, wakazipa herufi R, k na T.

Mtihani wenyewe hauna huruma. Miche ya wiki sita hivi, ikingali vijiti ambavyo majani hayajafunguka, hunyunyiziwa vimelea vya kuvu na kuwekwa penye unyevu na ubaridi. Baadaye hupewa alama, kuanzia 1 hadi 12. Shina safi hupata 1, lililokufa hupata 12 na safari yake imeishia hapo. Rav Zeira angeuelewa utaratibu huu bila kufafanuliwa.

Aina iliyofaulu, Ruiru 11, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Ni mti mfupi, hivyo hektari moja huchukua miti 2,500 au zaidi, pale ambapo SL28 ilitosha 1,300 hivi. Hapo ndipo golem wa Prague anaponiacha njiani. Hadithi yake inaogopa kiumbe kitakachowazidi waliokiumba, na shida ya Ruiru ilikuwa kinyume kabisa: kiumbe hakikutosha. Ruiru 11 ni chotara, na punje uliyochuma shambani mwako ukiipanda, watoto hutawanyika. Mwingine humfuata babu, mwingine hana kinga. Mbegu halisi sharti itengenezwe upya kila msimu, kwa vidole. Ua la mbuni hujichavusha lenyewe, kwa hiyo mfanyakazi huliwahi kabla halijafunguka, akaling'oa sehemu za kiume, akafunika tawi kwa mfuko, kisha akapaka chavua ya mti baba. Miti nayo huchanua kwa pamoja baada ya mvua, na maua hayangoji mtu. Kila ua likishika, kwa kawaida hutoa punje mbili tu. Si ajabu wakulima walisubiri miche kwa miaka.

Kwingine kiumbe kilijizalisha chenyewe: Mei 2010, kikosi cha mwanasayansi Craig Venter huko Marekani kilitangaza seli inayoendeshwa na jenomu iliyotengenezwa maabara, yenye herufi zaidi ya milioni moja. Ikagawanyika yenyewe. Waliyemnakili ni bakteria Mycoplasma mycoides wa mbuzi, ndugu wa karibu wa yule anayewaua ng'ombe kwa homa ya mapafu, ambaye wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hawahitaji kutambulishwa kwake. Kwangu ule ulikuwa unakili wa hali ya juu, si uumbaji, lakini nakala ilizaa, na hilo si dogo.

Mwaka huohuo Ruiru ilitoa Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Machotara yalirudishiwa damu ya SL28 na SL34, kisha yakachujwa hadi kizazi cha tano. Mbegu ya Batian humfuata mama. Haihitaji tena mfuko wala mtu wa kuwahi ua.

Mbele kidogo, Juja na Thika, maabara hukata kipande kidogo cha moyo wa mgomba, zikakikuza ndani ya chupa mpaka kikatoa miche mingi isiyo na minyoo ya mizizi wala fukusi. Ndizi haiulizwi swali lolote. Inarudiwa tu jinsi ilivyo.

Ila kwenye vilima vya Gatanga, juu ya Thika, mkulima hana haja ya kungoja maabara. Hukata mbuni mzee wa SL28, akaacha chipukizi moja au mbili, akazipandikiza kikonyo cha Ruiru 11 au Batian na kukifunga kwa nailoni. Mizizi ya SL28 huenda chini zaidi kuliko ya Ruiru 11, kwa hiyo kiangazi hakiutishi sana mti huo, na CBD ikija inakuta matawi yasiyoiogopa.