Mdhamini na Mkimbiaji: Malezi ya Vijana katika Miteremko ya Mlima Kenya

Soko la Kanja liko katika Kaunti ya Embu, upande wa Runyenjes, katika nchi ya kahawa na chai ambayo hupanda taratibu kuelekea msitu wa Mlima Kenya, na ambayo mito iteremkayo kutoka mlimani imeikata mabonde mengi, hata mtoto anayekaa ng'ambo hulazimika kushuka na kupanda kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Mgeni aipitiaye nchi hiyo hudhani kuwa imejaa mabingwa wa mbio, kwani ina kimo, ina baridi, na ina watoto waendao kwa miguu. Walakini mabingwa walioipa Kenya sifa yake wametoka kwa wingi Bonde la Ufa, na Embu na Meru zimejulikana zaidi kwa mazao ya shamba. Sababu za tofauti hiyo zitajitokeza kwa sehemu njiani, lakini ninalolifuata hapa ni jambo jingine: tangu zamani, ni nani aliyekabidhiwa kazi ya kumfundisha kijana kustahimili uchungu, kuupima mwili wake na kuitunza nafsi yake, na kwa njia gani kazi hiyo imemfikia mwanariadha anayealikwa leo kusimama mbele ya wanafunzi.

Kabla Waingereza hawajaishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kijana wa kiume aliyefikia umri wa kutahiriwa alitafutiwa mdhamini, ambaye Waembu na jirani zao Wakikuyu humwita mutiiri, mtu aliyekwisha kuipita njia ile ile miaka kadhaa kabla yake, mwenye staha na kauli, na asiye mzazi wake, kwa kuwa huruma ya mzazi huweza kudhuru mahali penye haja ya uthabiti. Asubuhi ya siku yenyewe mdhamini alikaa nyuma ya kijana akamshika mabega, kwa mikono ambayo, kwa nionavyo mimi, kazi yake ilikuwa kumsaidia kuificha hofu kuliko kumkataza kuogopa. Na baada ya kisu akamuuguza, akamwambia yale ambayo mtoto haambiwi, na udugu baina yao ukadumu maisha yao yote. Kwa Wameru, vijana waliokwisha kutahiriwa walihamia gaaru, nyumba kubwa ya mashujaa, ambako rika la juu liliwazoeza rika la chini ulinzi, utii na kukesha, pamoja na adhabu ambazo leo zingeitwa ukatili bila shaka yoyote. Desturi hizo sizisifu zote. Wasichana nao walikatwa, nao walikuwa na wadhamini wao, na subira waliyodaiwa ilikuwa juu ya jambo ambalo halikustahili kusubiriwa.

Misheni zilifuata utawala. Waanglikana walifungua kituo Kigari mwaka 1910, na Waskoti, chini ya Daktari Archibald Irvine, wakaja Chogoria mwaka 1922. Na kila palipojengwa kanisa palijengwa darasa, na kando ya darasa uwanja wa gwaride na wa kandanda. Hapo mwili wa kijana ulipata bwana mpya. Alisimama mstarini kwa filimbi, akanyoosha mikono kwa hesabu, akakimbia kuzunguka uwanja, na aliyemwamrisha alikuwa mwalimu mwenye cheti, mwenye kazi ya kulitengeneza darasa zima kwa mara moja. Nidhamu ilipatikana, ila yule mtu mmoja wa kijana mmoja, ajuaye jina la bibi yake na kisa cha ndoto zake mbaya, hakuwa na nafasi katika ratiba. Mwaka 1929, mzozo juu ya tohara ya wasichana ulipoenea kutoka nchi ya Kikuyu hata pande hizi za mashariki ya mlima, watu wengi walijitenga na misheni, na shule huru zikajengwa kwa michango ya wazazi, wakiamini kwamba elimu ya kizungu na malezi ya wazee yaweza kukaa nyumba moja. Shule hizo nazo zilifungwa na serikali Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 dhidi ya uasi wa Mau Mau.

Ni katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari ndipo historia ya riadha ya Kenya na historia ya Embu na Meru zilipoachana njia. Chama cha riadha cha koloni kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 1951, na Archie Evans, ofisa wa michezo wa serikali, akaanza kuwakusanya wakimbiaji wa wilaya mbalimbali kwa mashindano. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro wa Kisii alisafiri hata London, kisha Vancouver katika Michezo ya Dola na Jumuiya ya Madola, akamaliza wa 4 katika mbio za maili tatu, na Waingereza waliozoea kumwona Mwafrika kama mtumishi wakashangaa. Katika mwaka huo huo serikali iliamuru watu wa nchi ya mlima wahamishwe kutoka katika maboma yao, wakusanywe katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha, wasitoke ila kwa ruhusa na kwa saa zilizowekwa. Mtu asiyeruhusiwa kuvuka mto kwenda kulima shamba lake hawezi kuambiwa akimbie nyika kwa kujifurahisha, na kijana aliyekutwa akikimbia karibu na msitu alikuwa katika hatari ya kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee iliyoufanya upande huu uchelewe katika riadha. Lakini anayeeleza mafanikio ya wakimbiaji kwa hewa nyembamba na maziwa ya mgando peke yake, bila kutaja nani aliyekuwa huru kukimbia na nani aliyekuwa nyuma ya uzio, ameacha nusu ya habari.

Na hata hivyo michezo iliingia nyuma ya uzio. Katika tambarare ya Mwea, ambayo zama hizo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu, kambi ya Wamumu ilifunguliwa mwaka 1955 kwa ajili ya wavulana waliokamatwa kwa kushukiwa kuwa Mau Mau, nao walikuwa zaidi ya elfu moja, wengi wao wametoka katika kambi za watu wazima. Ofisa Geoffrey Griffin na wenzake waliwafundisha kusoma, kazi za mikono, gwaride na michezo. Shabaha ya serikali ilikuwa kuwatoa katika kiapo cha Mau Mau na kuwatia katika utii, na hilo halifichiki. Lakini miongoni mwa wale waliokuwa karibu nao kila siku palitokea kitu kilichopita shabaha ya serikali, kwani mwaka 1959 Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi kwa watoto wasio na makao, na hapo ushauri wa mkubwa kwa mdogo ukafanywa nguzo ya shule. Ni ajabu ya historia kwamba mbegu moja ya malezi hayo ilipandwa katika gereza la watoto.

Baada ya uhuru, mwanariadha alianza kuonekana kama mwalimu. Kipchoge Keino, aliyemshinda Jim Ryun katika mbio za mita 1500 za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 ilhali anaumwa nyongo, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi Kiganjo, upande wa pili wa mlima huu huu. Yeye na mkewe Phyllis walilea mayatima nyumbani mwao Eldoret, kisha wakajenga shule ya msingi iliyofunguliwa mwaka 1999. Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba Munich mwaka 1972, alizuiwa na siasa kukimbia Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, akageuka kuwa msomi na mwalimu wa michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mtu aliyenyimwa michezo miwili ya Olimpiki katika ubora wa umri wake, kisha akaendelea kufundisha, ana la kumwambia mwanafunzi aliyeanguka mtihani.

Lakini ni kosa kudhani kuwa michezo yenyewe, kwa asili yake, hulea. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana waliokuwa wamepanga mgomo walilivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walinajisiwa. Mgomo huo, kama ilivyoandikwa wakati ule, ulitokana na shule kukosa kushiriki mashindano ya riadha. Vijana waliofundishwa kutaka kushindana, wakakosa mtu wa kuwafundisha namna ya kukosa, na ambao desturi ilikwisha kuwaambia kwamba mwili wa msichana ni mali ya mwingine, walifanya yale ambayo nchi nzima iliona haya kuyasema. Kila anayesimama leo katika ukumbi wa shule ya Meru au Embu kuwahubiria wanafunzi ustahimilivu, yafaa akumbuke usiku huo.

Mabingwa wenyewe wamejifunza kwa gharama. Samuel Wanjiru aliondoka Nyahururu akiwa na umri wa miaka 15 kwenda kusoma Japani, akashinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na akafa mwaka 2011 akiwa na miaka 24, baada ya fedha na sifa kumjia kwa kasi kuliko ushauri. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja nchini Ujerumani rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake peke yao. Wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, nao huzungumza na wasichana juu ya mapenzi yenye vitisho, juu ya fedha ishikwayo na mtu mwingine, na juu ya kuomba msaada mapema. Maneno hayo ni mazito kuliko hotuba za kawaida za kujitahidi na kuamka alfajiri, kwa sababu yanatoka kwa watu walioona kwamba mtu aweza kuushinda ulimwengu uwanjani na kushindwa mlangoni pake.

Walakini bingwa huja siku moja. Hupigiwa makofi, hupigwa picha, huacha jozi za viatu, na gari lake huondoka kabla ya jioni. Anayebaki ni mwalimu wa michezo, ambaye aghalabu naye alikimbia ujanani hadi ngazi ya mkoa na hajulikani na mtu, na ambaye saa yake ya michezo huibwa na hisabati mara mtihani wa taifa unapokaribia. Ndiye ajuaye nani hali chakula cha mchana, nani anakimbia vizuri mno kwa sababu hataki kurudi nyumbani mapema. Mwaka 2018 Tume ya Huduma za Walimu ilipotilia mkazo sera ya kuwapeleka walimu mbali na kwao, wengi walihamishwa kaunti, na ijapokuwa sera hiyo ililegezwa baadaye, mazoea ya kumhesabu mwalimu kwa masomo yake mawili tu yamesalia. Wakuu wa shule wanaotafuta bingwa wa kumwalika wangefanya vema kwanza kumwandikia ratiba mwalimu huyo, na kumwachia vijana wake kwa miaka yao yote ya shule.