Mkono wa Kurusha: Kutoka Isimila Hadi Pittsburgh

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya, mwendo wa kilomita 20 hivi, unafika Isimila. Wageni wengi huenda kupiga picha nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, lakini urithi mkubwa wa bonde lile ni mashoka ya mkono ya mawe yaliyogunduliwa mwaka 1951, kisha yakachimbuliwa na Francis Clark Howell na wenzake mwaka 1957 na 1958. Mengine ni makubwa na mazito.

Anayeandika historia ya michezo huutazama zaidi mkono ulioyashika. Mwaka 2013 mtafiti Neil Roach na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa vijana 20, wengi wao wachezaji wa besiboli wa vyuo vya Marekani. Waliona kuwa mtu anapouvuta mkono nyuma kabla ya kurusha, kano za bega hujaa nguvu kama upinde uliovutwa, kisha huifyatua kwa mara moja. Maumbile hayo, walisema, yalikamilika kwa Homo erectus karibu miaka milioni 2 iliyopita. Sokwe ana misuli kutushinda, ila kitu anachokirusha hakizidi kilomita 30 hivi kwa saa. Mrushaji wa besiboli wa kulipwa hupita 150.

Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa mikono ya namna hiyo. Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliivamia safu ya kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski kabla bunduki za Wajerumani hazijawekwa tayari. Zelewski aliuawa na kikosi chake kikavunjika. Bunduki za Wahehe zilikuwa chache. Kazi ilifanywa na mikuki. Vita hiyo imeandikwa sana, nami sina la kuongeza.

Kisichoandikwa ni mashamba ya Usangu. Mpunga wa Mbarali ukianza kutia maziwa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na kazi ya kuamia ndege huanza alfajiri. Wengine hupiga madebe. Wengine hubandika bonge la tope kwenye ncha ya ufito mwembamba, wakaupinda nyuma na kuufyatua. Mwenye kombeo husimama juu ya dungu, huweka jiwe katikati ya kamba, huizungusha juu ya kichwa, kisha huachia ncha moja wakati uleule mkono unapopita bega. Akichelewa kidogo, jiwe linaangukia mpunga wake mwenyewe. Nasikitika kwamba kazi hii imewanyima watoto wengi siku za masomo, wala siwaombei waendelee nayo. Lakini ustadi ni ustadi, na umekaa mashambani bila mwalimu wa michezo kuufuata.

Mitaani kuna mchezo wa rede. Wasichana wawili husimama pande mbili na mpira wa soksi au makaratasi, wa tatu yuko katikati akikwepa huku akijaza chupa mchanga. Anayerusha lazima asome kiuno cha mwenzake, amdanganye kwa jicho, aachie mpira pale asipotarajia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mrushaji wa besiboli, tofauti ni kwamba yeye humrushia mtu mwenye gongo aliye umbali wa mita 18.44, kwa mpira wa gramu 145 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, mpira hufika kwa sekunde 0.4.

Maisha ya mrushaji ni magumu. Kiwiko ndicho huanza kushindwa. Mwaka 1974 mrushaji Tommy John alikatika kano ya kiwiko, na daktari Frank Jobe akampandikizia nyingine kutoka mkono wa pili. Alirudi uwanjani mwaka 1976, akacheza hadi 1989. Leo upasuaji ule unaitwa kwa jina lake.

Waafrika wamefika katika besiboli ya Marekani kwa kuchelewa. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alirusha katika ligi kuu ya Marekani mwaka 2019. Jirani zetu Waganda walianzia kwa watoto: mwaka 2011 walipata tiketi ya mashindano ya dunia ya watoto wakanyimwa viza, mwaka 2012 timu ya Lugazi ikafika kwenye mashindano hayo huko Williamsport, Pennsylvania, ya kwanza kutoka Afrika. Miaka kumi baadaye Los Angeles Dodgers walimsajili Mganda Ben Serunkuma, mrushaji. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua David Matoma, kijana ambaye mpira wake hukaribia kilomita 160 kwa saa, akaanza kupanda ngazi za ligi za chini.

Sisi tulikuwa na Zakayo Malekwa, aliyeirushia Tanzania mkuki katika Olimpiki za 1980, 1984 na 1988. Dar es Salaam, Wajapani wamefundisha besiboli katika Sekondari ya Azania. Mbeya na Iringa tuna jambo ambalo Kampala haina. Denver, mji unaoogopwa na warushaji wa Marekani kwa sababu hewa yake nyepesi huunyima mpira mkunjo, uko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Iringa iko karibu na hapo, Mbeya inazidi. Katika uwanja wa Denver ni Mjapani Hideo Nomo peke yake, mwaka 1996, aliyemaliza mchezo mzima bila mpinzani kupiga mpira salama hata mara moja. Kijana anayejifunza kuukunja mpira katika hewa ya Uyole, Mbeya, atakuwa ameanzia palipo pagumu.

Besiboli na sofiboli vitarudi Olimpiki mwaka 2028. Maafisa michezo wa Mbeya na Iringa nawaomba jambo lisilohitaji bajeti: mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, yakifika, mtoto asipimwe kwa mbio na mpira wa miguu pekee. Mpeni mpira wa kurusha, awe wa kike au wa kiume, pimeni kwa futi kamba, andikeni jina la aliyerusha mbali na shule yake. Daftari la namna hiyo sijawahi kuliona.