Devdas Alivyofika Kanduyi

Mara ya kwanza kumwona Devdas akifa nilikuwa na miaka tisa, nimekalia debe tupu la mafuta ya kupikia, sebuleni kwa senge pale Kanduyi. Ilikuwa filamu ya 2002, ile ya Shah Rukh Khan. Senge alikuwa ameinunua steji, DVD ya kunakiliwa, ndani ya karatasi ya nailoni. Maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya skrini mbiombio, kwa hivyo senge alitutafsiria kwa Kibukusu, na pale ambapo yeye mwenyewe hakuelewa, alitunga. Miaka mingi baadaye niligundua kwamba maneno makali kuliko yote ambayo Paro alimwambia Devdas siku hiyo hayakuwa ya Paro. Yalikuwa ya senge.

Nyuma yetu, mlangoni, alisimama baba mdogo. Alinuka chang'aa. Devdas alipoanguka nje ya lango, baba mdogo alilia kwa sauti, na senge hakugeuka kumtazama.

Hadithi hii imekuwa ikinifuata tangu siku hiyo. Mwaka jana niliamua kuitafuta ilikotoka, nikatazama Devdas mmoja baada ya mwingine kwenye simu, bando likiisha naongeza. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja: kwa nini watu wanaipiga picha tena na tena hadithi ya mlevi aliyekosa mke? Na kwa nini sisi huku Bungoma, mbali na Bengal, tunailia?

Tuanze na mwandishi. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na vibarua wengi walioijenga walikuwa Wahindi. Karibu na wakati huohuo, huko Bengal, kijana aliyeitwa Sarat Chandra Chattopadhyay alikuwa anaandika riwaya fupi ya mapenzi. Alikuwa na miaka kama 25. Masomo ya chuo yalikuwa yamemshinda kwa sababu ya umaskini, na mwaka 1903 alivuka bahari kwenda Rangoon, Burma, akawa karani wa ofisi. Nasema hivi kwa sababu mimi pia niliacha chuo, mwaka wa pili, na sitadanganya kwamba habari hiyo haikunipa moyo. Riwaya yake ilikaa miaka mingi kabla ya kuchapishwa mwaka 1917. Ndiyo hiyo Devdas.

Kisa chenyewe ni chepesi. Devdas na Parvati, yaani Paro, ni majirani waliokua pamoja kijijini. Devdas ni mtoto wa mwenye mashamba. Anapelekwa Calcutta kusoma, anarudi kijana mtanashati. Nyumbani kwa Paro wanapendekeza ndoa, nyumbani kwa Devdas wanakataa. Paro anathubutu jambo ambalo msichana wa wakati ule hakuthubutu: anakwenda chumbani kwa Devdas usiku, anamwambia amchukue. Devdas anasitasita. Anakimbilia mjini, anamwandikia barua ya kumkana, halafu anajuta na kurudi mbio. Amechelewa. Paro ameshaposwa na mjane tajiri mwenye watoto wakubwa. Devdas anazama kwenye pombe, anapendwa na kahaba aitwaye Chandramukhi, na mwisho anafia mbele ya nyumba ya mume wa Paro, kwa sababu aliwahi kumwahidi kwamba atafika kwake kabla ya kufa.

Sasa, kuna kitu kimoja ambacho Mbukusu anakiona haraka. Kwa nini akina Devdas walikataa? Kwanza walikuwa majirani mno. Pili, ukoo wa Paro ulikuwa na desturi ya kupokea mali wanapomwoza binti, na kwa watu wa tabaka la akina Devdas hiyo ilikuwa aibu, kama kuuza mtoto. Kwetu ni kinyume. Huku aibu ni binti kuondoka bila ng'ombe. Nilipomweleza senge jambo hili hivi majuzi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo Paro alikataliwa kwa sababu watu wao walikuwa kama sisi?" Ndiyo, senge. Kama sisi kabisa.

Filamu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1928, bila sauti. Lakini iliyoifanya hadithi kuwa ugonjwa wa nchi nzima ni ile ya P.C. Barua, iliyotoka Calcutta mwaka 1935 kwa Kibengali, Barua mwenyewe akiwa Devdas. Mwaka uliofuata aliitengeneza tena kwa Kihindi, na safari hii Devdas akawa mwimbaji K.L. Saigal. Saigal alikufa mwaka 1947 akiwa na miaka 42, na pombe ilikuwa sehemu ya habari ya kifo chake. Barua naye alifariki mwaka 1951, hajafika 50. Watu wakaanza kuchanganya waigizaji na mhusika. Kulewa kwa huzuni kukawa heshima fulani, kama kuvaa suti.

Yule aliyeshika kamera katika filamu ya Saigal aliitwa Bimal Roy. Miaka karibu 20 baadaye, mwaka 1955, akiwa sasa mwongozaji, aliirudia hadithi hiyohiyo, na Dilip Kumar akawa Devdas. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na haina haraka. Dilip Kumar haigizi kilio, anaongea chini, kama mtu aliyechoka kujisikiliza. Kuelekea mwisho Devdas yuko ndani ya garimoshi, anazunguka India bila kushuka, na rafiki yake wa zamani anamkuta humo na kumpa chupa. Nilipoitazama sehemu hiyo nilikuwa nasikia reli yetu kichwani. Reli inayopita Webuye na Bungoma kwenda Malaba ilijengwa miaka ya 1920, na wafanyabiashara wa Kihindi waliifuata, wakafungua maduka stesheni kwa stesheni. Filamu zao pia zilikuja. Laura Fair, mwanahistoria wa sinema za Tanzania, ameonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor, ya 1951, ilivyopendwa Zanzibar na bara. Kwa hivyo tusijidanganye kwamba filamu za Kihindi zililetwa Afrika Mashariki na DVD za steji. Babu zetu waliokaa mijini walikuwa wameshalizwa na sinema hizo kabla baba zetu hawajazaliwa.

Dilip Kumar hakutoka salama. Baada ya miaka ya kuigiza watu wa kufa kwa mapenzi, alilazimika kumwona daktari wa akili, akashauriwa atafute kazi za kuchekesha. Akazitafuta. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila unapomsikia mtu akisema huzuni ni tamu.

Kuna habari nyingine ya filamu hiyo ambayo haisemwi sana. Vyjayanthimala, aliyeigiza Chandramukhi, alipewa tuzo ya Filmfare kama mwigizaji msaidizi, akaikataa. Alisema kazi yake haikuwa ya usaidizi. Chandramukhi ana uzito sawa na Paro. Hebu fikiria. Kwenye riwaya wanawake hao wawili hawakutani hata siku moja. Bimal Roy anawapitisha barabarani, wanatazamana, hakuna neno. Halafu inakuja 2002, Sanjay Leela Bhansali anawaweka kwenye ua mmoja, Aishwarya Rai na Madhuri Dixit, wamevaa nguo zinazofanana, wanacheza ngoma moja. Mwaka baada ya mwaka, filamu baada ya filamu, wanawake wanasogeleana, na Devdas anazidi kusukumwa pembeni.

Watu wengi waliosoma riwaya wanaiponda filamu ya 2002. Wanasema ni dhahabu tupu. Ni kweli, wakati inatoka ilitajwa kuwa filamu ghali kuliko zote za India, na ilionyeshwa Cannes. Nyumba ya Paro, ambaye riwayani ni mtoto wa jirani asiye na mali nyingi, inang'aa vioo kila upande. Devdas anarudi kutoka London badala ya Calcutta. Makosa hayo nayaona. Lakini nakumbuka pia sebule ya senge. Kwenye televisheni ya inchi 14, picha zikirukaruka, vioo hivyo vilikuwa vinatuambia kwamba huzuni ya watu wa kawaida inaweza kuwa kubwa kama ikulu. Ndiyo nguvu yake. Ndiyo hatari yake pia, kwa sababu baba mdogo alitoka pale akiamini kwamba yeye ni Shah Rukh Khan.

Nieleze kidogo. Baba mdogo alikuwa na msichana wa Chwele. Kuka alipomwuliza kama yuko tayari kuanza mipango ya mahari, alisema ngoja kwanza. Akangoja mwaka mmoja, akangoja wa pili. Msichana akaolewa Kitale. Tangu hapo, kila alipolewa na kuvunja vyombo, kila alipouza kuku wa kukhu ili anywe, tuliambiwa: mwacheni, yule aliumizwa na mapenzi. Hakuna aliyesema kwamba aliulizwa swali, akakosa kulijibu. Wala hakuna aliyewahi kwenda Kitale kumwuliza yule mama yeye aliumia vipi.

Ndiyo maana filamu iliyonigonga zaidi ni Dev.D ya mwaka 2009, ya Anurag Kashyap. Mambo yote ni ya siku hizi: simu, madawa, vilabu vya usiku. Abhay Deol ndiye Dev. Paro wa Mahie Gill anafunga godoro kwenye baiskeli na kuendesha hadi shambani kumngoja mpenzi wake. Nilipoona baiskeli hiyo nikacheka, nikasema huyu angeweza kuwa anatoka upande wa Nzoia, anapita katikati ya miwa. Dev anasikia uvumi kumhusu, anaamini, anamtukana. Paro anaolewa, na haanguki. Anamtembelea Dev mara moja chumbani kwake, anamfulia nguo, anaondoka. Chanda, ambaye ndiye Chandramukhi wa filamu hii, ni msichana wa shule aliyerekodiwa video ya siri ikasambazwa, na jamii ikamhukumu yeye badala ya aliyeisambaza. Mambo hayo hayahitaji kutafsiriwa Kenya.

Na Dev hafi. Hapo ndipo Kashyap alipoigusa nguzo ya nyumba. Katika filamu ya 1955 na ya 2002, Paro anakimbia kuelekea nje na lango linafungwa kabla hajafika. Sisi tunalia, na lawama inaliendea lango. Katika Dev.D hakuna lango. Kuna kijana aliyegonga watu kwa gari akiwa amelewa, aliyejiharibia mwenyewe, na sasa lazima aamue kama ataamka kesho. Anaamka. Wapo wanaosema mwisho huo umeisaliti riwaya. Mimi nilirudi kurasa za mwisho, nikaona Sarat Chandra mwenyewe hamtukuzi Devdas. Anamhurumia, na anamwombea mtu mwingine yeyote asife kifo kama kile, bila mkono wa upendo kwenye paji la uso. Sisi tuliotazama ndio tuliogeuza onyo kuwa pambo.

Tangu 1928 hadithi hii imefanyiwa filamu zaidi ya mara kumi, kwa lugha tofauti. Nafikiri hiyo ndiyo faida ya kuirudia kazi moja: kila kizazi kinapata nafasi ya kukosoa kile kilichotangulia. Sisi tunayo Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, kuhusu Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950 anayemkimbia mume mzee na kumpenda Denge, mpigania uhuru. Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Yasmin ni jibu letu kwa Paro: hangoji mtu amfungulie lango, anatoka. Lakini kwa filamu moja hatuna cha kulinganisha. Ningetaka mwingine aifanye upya, avuruge, tugombane. Ningetaka pia kumwona Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya marehemu Ken Walibora ya 1996, akifika Kitale kwenye skrini, vumbi na mahindi yakiwa ya kweli.

Na baba mdogo? Hakufa. Aliacha pombe miaka sita iliyopita, si kwa muujiza, bali baada ya senge kumfungia mlango wake na kumwambia arudi akiwa mkavu. Siku hizi anauza mitumba Chepkube. Mwezi uliopita nilimwonyesha Dev.D kwenye simu yangu, tukiwa tumekaa juu ya marobota yake. Alinyamaza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama yule msichana wa kwanza, wa baiskeli, alikuja kuwa na maisha mazuri. Nikamwambia filamu haisemi.

"Hapo wamekosea," akasema, akainuka kumhudumia mteja.