Tarakimu Moja, Miaka Minane

Leo tuzungumzie ile mistari myeusi iliyo nyuma ya pakiti ya sabuni, yaani msimbo pau. Wengi huiona ni kazi ya mashine tu. Kumbe ni historia ya washindani waliolazimika kutumia data moja.

Aprili 3, 1973, kamati ya watengenezaji na wauzaji wa vyakula Marekani ilichagua msimbo wa UPC wenye tarakimu 12, uliobuniwa na George Laurer wa IBM. Juni 26, 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ikawa bidhaa ya kwanza kusomwa hivyo dukani.

Watu wa Ulaya nao wakaunda chama chao mwaka 1977 na kuja na EAN yenye tarakimu 13. Ujanja wao ulikuwa huu: tarakimu iliyoongezwa haina mistari yake, imefichwa katika mpangilio wa zile sita zinazofuata. Kwa hiyo UPC ni EAN inayoanza na 0, na mashine za Ulaya zilisoma bidhaa za Marekani bila taabu.

Kinyume chake ndicho kilichosumbua. Hifadhidata nyingi za Marekani zilitenga nafasi 12 tu. Mgeni aliyetaka kuuza huko ilibidi atafute namba ya pili na kuchapisha kifungashio kingine. Mwenye soko alistarehe, mgeni akalipa.

Mwaka 1997 UCC, chama kilichosimamia namba hizo Marekani, kilitangaza kwamba kufikia Januari 1, 2005 maduka ya Marekani na Kanada yawe tayari kwa tarakimu 13. Miaka minane kwa tarakimu moja! Lakini fikiria, msomaji: hapakuwa na sheria wala bosi mmoja wa maelfu ya kampuni hizo. Silaha ilikuwa tarehe moja iliyojulikana mapema, na utaratibu mmoja: anayesoma abadilike kwanza, anayeandika afuate. UPC za zamani ziliendelea kufanya kazi. Mwaka huohuo wa 2005 vyama hivyo vikaanza kutumia jina la GS1.

Sasa tarehe nyingine inakuja. GS1 inataka kufikia mwisho wa 2027 kaunta za maduka ziweze kusoma misimbo ya mraba kama QR, inayoweza kubeba hata tarehe ya kuharibika kwa bidhaa, pamoja na mistari tuliyoizoea.

Namba zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616. Hiyo huonyesha namba ilitolewa wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi. Na wewe unayeandika programu ya duka, ihifadhi kama maandishi, nafasi 14. Ukiifanya namba ya hesabu, sufuri za mbele zitapotea, na utakuwa umerudisha ugomvi ambao wenzako walitumia miaka minane kuumaliza.