Sikio la Mpiga Gitaa: Mintarafu ya Majukwaa ya Dansi Mkoani Morogoro

Msikilizaji wa nyimbo za Morogoro Jazz au za Cuban Marimba, awe Ifakara, Mngeta au Mchombe, aghalabu huusifu wepesi wa vidole vya mpiga gitaa la solo, wala hapana ubaya kuusifu; lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo karibu zaidi na siri ya muziki ule, yaani katika kishindo cha ngoma, mlio wa tarumbeta na vifijo vya watu waliojaa ukumbini, mpigaji yule alilisikiaje gitaa lake, na magitaa ya wenzake aliyasikiaje?

Mji wa Morogoro, ulio makao ya mkoa wenye bonde la Kilombero ndani yake, ulijaliwa kuwa na bendi mbili zilizoshindana kwa miaka mingi bila ya moja kuizima nyingine. Morogoro Jazz iliasisiwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1960, Salum Abdallah akiwa amefariki dunia kwa ajali ya gari mwaka 1965, jina la Morogoro Jazz lilipaa kwa gitaa la Mbaraka Mwinshehe, hata mwaka 1970 bendi hiyo ikaiwakilisha nchi katika maonyesho makubwa ya Osaka, Japani. Dansi lililolelewa na bendi hizo halikuwa muziki wa gitaa moja lenye wasaidizi. Solo husema, gitaa la pili humdakia neno kabla halijaisha, ridhimu hushika mwendo, na besi huwajibu wote kwa sauti nzito, mfano wa wazee wa baraza waliozoeana hata kila mmoja akajua pa kuingilia na pa kunyamaza. Madhali hapana gitaa hata moja katika hayo linalobeba wimbo mzima, mpigaji asiyewasikia wenzake huwa hapigi dansi, bali hufanya mazoezi ya peke yake mbele ya hadhira.

Spika za waimbaji katika majukwaa ya zamani zilielekea kwa wachezaji, na aliyesimama nyuma yake alipata mabaki ya sauti yaliyogonga ukuta na kurudi yakiwa yamechelewa. Gitaa lilikuwa na amplifaya yake nyuma ya mpigaji, na amplifaya hiyo moja iliutumikia ukumbi na kumtumikia mwenyewe. Ikiwekwa chini, sauti yake kali ilimpita miguuni na kuwachoma walio mbele, ilhali yeye akilalamika kwamba hasikii, kisha akaongeza, naye wa besi akaongeza, mpaka mwimbaji akafunikwa kabisa. Dawa yake ilikuwa kuinyanyua juu ya kiti au sanduku, au kuilaza kidogo ili imtazame usoni. Dawa ya pili, nami naiona kuwa kubwa zaidi, ilikuwa kusimama karibu karibu. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mtu aliye mita 10 kutoka kwa mpiga ngoma humsikia akiwa amechelewa takribani sehemu 30 katika 1,000 za sekunde, muda ambao ni mdogo kwa msemaji lakini ni mkubwa kwa magitaa yanayodakiana maneno.

Tusidhani kwamba taabu hiyo ilikuwa yetu peke yetu. Tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles walipopiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu wapatao 55,000, hawakuwa na spika hata moja ya kuwarudishia sauti yao, na mpiga ngoma wao alilazimika kuwatazama wenzake wanavyojitikisa ili ajue wimbo umefika wapi. Katika miaka iliyofuata ndipo monita, spika ilazwayo sakafuni ikimwelekea mpigaji, ilipoenea katika majukwaa makubwa ya Ulaya na Marekani.

Kwetu ilichelewa, na sababu zake hazikuwa za maarifa. Ala za bendi nyingi zilikuwa mali ya wenye bendi, si ya wapigaji waliohitaji kusikia, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz ya mwaka 1964 iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi. Na baada ya vita vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika nchini, ikawa hata kupata nyuzi ni shida, seuze spika ya ziada. Huku bondeni palikuwa na dhiki nyingine. Masika hufurisha mito na kukata njia, na kabla ya reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975 ikapita Ifakara, Mngeta na Mlimba, kupeleka sanduku la spika katika vijiji vya mpunga lilikuwa jambo la kufikiriwa mara mbili. Kisha umeme: maji ya Kidatu yalianza kuzungusha mitambo mwaka 1975, na ya Kihansi yakafuata miaka ya mwisho wa karne, lakini nguvu zake zilikwenda kwanza mijini, na vijiji vingi vilivyo jirani vikabaki kutegemea jenereta. Jenereta ikichoka, amplifaya hunywea. Basi kuiongezea jenereta hiyo monita ilikuwa kuitwisha mzigo isioweza kuubeba.

Siku hizi monita si ajabu tena, hata makanisani, na fundi mitambo ana uwezo ambao mabwana wa zamani hawakuuota. Katika miksa zipo njia za kando zinazochota sauti kabla haijafika kwenye kidhibiti cha sauti ya ukumbini, hivyo kila mpigaji hupelekewa mchanganyiko wake, na lile linalobadilishwa kwa ajili ya hadhira halimsumbui jukwaani. Fundi mwenye busara huiweka monita nyuma ya maikrofoni, upande ambao maikrofoni haisikii vizuri, kwani vikitazamana, maikrofoni huidaka sauti ya spika, spika ikairudisha, na mzunguko huo ukazaa mluzi unaotoboa masikio. Kadhalika mluzi ukitokea, yeye hupunguza sauti inayopiga mluzi badala ya kuzipandisha nyingine.

Lakini swali analoulizwa mpigaji, kwamba je, anajisikia, naliona pungufu kwa muziki wetu. Amplifaya yake i nyuma yake. Gitaa lake analo tayari. Aulizwe kama anamsikia mwenzake. Katika monita ya mpiga solo wa dansi itangulie sauti ya mwimbaji, maana ndiye anayejibiwa. Zifuate ngoma na besi, kisha ridhimu na gitaa la pili yasikike waziwazi. Na gitaa lake mwenyewe liwe la mwisho, kwa kiasi cha kujaza upungufu tu. Anayejaziwa gitaa lake kwanza hupiga kwa ufundi mwingi, lakini hujibu maswali ambayo hakuulizwa.

Sasa vimekuja vipokezi vidogo vya kutiwa masikioni, vilivyoenea ng'ambo tangu miaka ya 1990, ambavyo huondoa mluzi na kuyahifadhi masikio ya anayevitumia kwa kiasi. Hasara yake ni kwamba humfungia mpigaji mbali na wachezaji, na hiyo hupungua fundi akiweka maikrofoni moja inayoelekea ukumbini na kuichanganya humo. Faida yake kwa dansi, ambayo sijaona ikitumiwa ipasavyo, ni kwamba kila sikio laweza kupewa sauti yake: ridhimu ikaegemezwa kushoto na gitaa la pili kulia, kwa kadiri wenyewe wanavyosimama jukwaani, na besi ikaachwa katikati.